Duka la mtandaoni: Amua nani atakayeitunza seva kabla ya kuikodi

Na MWANDISHI WETU

TUSEME ni saa mbili usiku, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mishahara imeingia, na mfanyabiashara anayeuza viatu kupitia tovuti yake ametangaza punguzo la bei. Wateja wanamiminika. Mmoja wao, aliyeko Nakuru, anachagua jozi ya viatu vya ngozi, anaingiza nambari ya simu na kuweka nambari yake ya siri ya M-Pesa. Pesa zinatoka. Lakini badala ya risiti, ukurasa wa duka unamwambia kuwa umeshindwa kuifikia hifadhidata.

Mteja amelipa, ilhali duka halina habari. Kesho yake ataanza kupiga simu, na asiporidhishwa na majibu atawaambia wenzake katika mitandao ya kijamii kwamba ametapeliwa.

Kosa la aina hii mara nyingi halitokani na M-Pesa wala na simu ya mteja. Chanzo chake ni seva, yaani ile tarakilishi iliyo mbali ambayo ndani yake duka linaishi. Kwa wafanyabiashara wadogo wanaotaka kuondoka katika kuuza kwa Facebook na WhatsApp pekee na kuwa na tovuti zao wenyewe, uamuzi kuhusu seva huwa ndio wa kwanza wa kiufundi, na pia ndio unaofanywa kwa haraka kuliko yote. Mtu hutazama bei, akachagua iliyo nafuu, akaendelea na mambo ya rangi na picha.

Wakazi wa Nairobi wanazijua vyema ploti ambazo wapangaji kumi hutumia mita moja ya stima. Mmoja akiwasha jiko la koili, taa za wote huzima. Huduma ya bei ya chini ya kuhifadhi tovuti ndiyo hiyo: mamia ya tovuti huwekwa katika tarakilishi moja, zikigawana nguvu zake kwa mipaka hafifu. Tovuti ya jirani ikipata wageni wengi, au ikivamiwa na wadukuzi, ya kwako huenda ikazorota bila wewe kufanya lolote.

Seva pepe ya kibinafsi, ambayo matangazo mengi huiita VPS, ni nyumba yenye mita yake katika jumba la ghorofa. Tarakilishi bado ni moja na wapangaji bado ni wengi, lakini programu maalumu huigawa katika sehemu, kila sehemu ikiwa na kumbukumbu yake, nafasi yake ya diski na programu endeshi yake. Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370, uliogawa tarakilishi moja kubwa kwa namna hiyo, mnamo 1972. Kilichobadilika ni kwamba jambo lililokuwa la mabenki na serikali sasa hulipiwa kwa mwezi kwa pesa zisizozidi bei ya jozi moja ya viatu.

Hata hivyo, kuna wenye majumba wanaojenga nyumba nyingi kuliko maji ya tangi. Katika biashara ya seva, kampuni inaweza kuuza nguvu za prosesa kwa wapangaji wengi kupita kiasi, ikitumaini kwamba hawatazihitaji kwa wakati mmoja. Uliza iwapo seva inatumia KVM, mfumo ambao umekuwa sehemu ya Linux tangu 2007 na ambao humpa kila mpangaji programu endeshi yake kamili. Mifumo kama OpenVZ huwafanya wapangaji wote watumie kiini kimoja cha Linux, na ni rahisi zaidi kwa mwenye jumba kuahidi kumbukumbu asiyokuwa nayo. Ukishaingia, andika amri ya “top” na utazame tarakimu iliyo kando ya herufi “st”. Hiyo ni asilimia ya muda ambao prosesa yako ilitaka kufanya kazi lakini ikawa inawahudumia wengine. Ikikaa juu ya 10 siku nzima, hama.

Lakini je, unahitaji seva pepe kweli? Duka linalopokea oda tano kwa siku halina haja nayo. Huduma ya kugawana, ikiwa ni ya kampuni yenye sifa, au jukwaa lililotayarishwa kama Shopify, litalitosha kwa muda mrefu. Sababu nzuri za kuhamia seva pepe ni chache: duka limekuwa zito na kampuni imekuonya kwamba umevuka mipaka, unahitaji programu ambayo huduma ya kugawana haikubali, au unataka kujiandikia utaratibu wako wa malipo na wa bohari. Kujiona mkubwa si mojawapo ya sababu hizo.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti ni kwamba seva pepe nyingi za bei nafuu huja bila mlinzi. Unapewa anwani ya tarakilishi na nywila ya msimamizi, basi. Kuanzia dakika hiyo, kufunga programu, kuzisasisha, kuzuia wavamizi na kuifufua seva inapozirai ni juu yako. Programu za wadukuzi huzunguka katika intaneti usiku na mchana zikijaribu milango, na seva mpya huanza kubishiwa muda mfupi tu baada ya kuwashwa, hata kabla duka halijafunguliwa. Si kwamba kuna mtu anayekuchukia. Zinajaribu kila anwani iliyopo.

Kwa hivyo swali la kwanza si gigabaiti ngapi, bali ni nani atakayeitunza. Kama una kijana anayeifahamu Linux na ambaye unaweza kumpata usiku, seva isiyosimamiwa itakuokolea pesa. Kama huna, lipia huduma inayosimamiwa, ambapo wahandisi wa kampuni husasisha programu na kuitikia inapoharibika. Gharama itapanda, pengine mara mbili au tatu, lakini linganisha na Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi duka likiwa limefungwa. Nionavyo mimi, muuza viatu asiyekuwa na fundi wa kuaminika na anayekodi seva isiyosimamiwa amenunua gari bila kujua kuendesha wala kuajiri dereva.

Soma kwa makini maana ya “kusimamiwa”. Kampuni nyingine huishia kwenye programu endeshi tu, na duka lenyewe, liwe limejengwa kwa WooCommerce au kitu kingine, hubaki mzigo wako. Uliza pia kuhusu umri wa programu endeshi. Waliokuwa wakitumia CentOS 8 walitarajia kupata masasisho hadi 2029, lakini wakatangaziwa mwishoni mwa 2020 kwamba yangekoma Desemba 2021. Mtu akikuuzia leo seva iliyo na CentOS 7, ambayo masasisho yake yalikoma Juni 30, 2024, anakuuzia nyumba isiyo na kufuli. Debian na Ubuntu za toleo la muda mrefu ndizo salama kwa anayeanza.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu, maana hapa ndipo mteja wetu wa Nakuru alipokwama. Chukua seva ya gigabaiti 1, ambayo ni kama megabaiti 1,000. Programu endeshi na vijisaidizi vyake vitachukua takriban 200. Hifadhidata, inayotunza bidhaa, bei na oda, itachukua 300 hivi. Zinabaki 500. Katika duka la WooCommerce lenye programu-jalizi kadhaa, kila ombi linaloshughulikiwa linaweza kula megabaiti 80 hadi 100. Gawanya mwenyewe: ni wateja watano au sita wanaohudumiwa kwa nukta moja.

Wa saba akifika, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Kama fundi aliweka kikomo kinachofaa, mteja huyo atasubiri foleni kidogo. Kama hakuweka, kumbukumbu huisha, na Linux, ili isife yenyewe, huchagua programu kubwa na kuiua. Mara nyingi kubwa kuliko zote ni hifadhidata. Hivyo duka huanguka wakati lina wateja wengi kabisa, na mwenye duka huamka asubuhi akidhani kwamba punguzo lake la bei halikumvutia yeyote.

Kwa duka dogo la aina hii, gigabaiti 2 ndicho kiwango cha chini ninachoweza kukipendekeza, na 4 kama lina maelfu ya bidhaa. Kurasa za bidhaa zinaweza kuhifadhiwa zikiwa tayari ili zisitengenezwe upya kwa kila mgeni, na hilo hupunguza mzigo sana. Lakini kikapu na ukurasa wa malipo haziwezi, kwa sababu kila mteja ana vyake. Siku ya mauzo makubwa, hizo ndizo kurasa zinazotumiwa zaidi.

Kuhusu diski, hakikisha ni ya SSD au NVMe. Nafasi yenyewe haina utata. Gigabaiti 25 hutosha maduka mengi, mradi picha zimepunguzwa ukubwa. Wala usitishwe na mipaka ya data inayosafirishwa. Ukurasa wa megabaiti 2 ukifunguliwa mara 10,000 kwa mwezi ni gigabaiti 20 pekee, na kampuni nyingi hutoa nafasi ya kiasi hicho mara kadhaa.

Seva iwe wapi? Mwangaza ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni karibu kilomita 6,800 kwa njia ya ndege, hivyo hakuna ufundi wowote utakaopunguza safari ya kwenda na kurudi chini ya milisekunde 68. Nyaya zenyewe hazifuati njia ya ndege. Hutoka Mombasa, zikapitia Bahari ya Shamu na Misri hadi Ulaya. Tuseme safari ni milisekunde 150. Simu ya mteja inapofungua tovuti salama kwa mara ya kwanza, ujumbe huenda na kurudi mara tatu au zaidi kabla herufi ya kwanza haijaonekana, kwa hivyo karibu nusu sekunde imepotea njiani. Seva ikiwa California, hesabu hiyo inakaribia kuongezeka maradufu.

Seva iliyo Nairobi haina safari hiyo. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilianzishwa mwaka wa 2000, kikafungwa baada ya muda mfupi kwa sababu ya malalamishi kwamba kilikiuka haki ya kipekee ya Telkom Kenya, kisha kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Kabla yake, barua pepe kutoka jengo moja la Nairobi hadi jingine ng’ambo ya barabara ingeweza kupitia Marekani. Siku hizi data kati ya wateja wa humu nchini na seva iliyo humu nchini inaweza kubakia nyumbani.

Faida hiyo ilionekana wazi mwezi wa Mei 2024. Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini tarehe 12, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Miezi mitatu awali nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Duka lililokuwa Johannesburg au Ulaya lilihisi athari. Seva ya Nairobi haitegemei nyaya hizo kumfikia mteja wa Kisumu.

Je, basi kila mwenye duka akodi seva ya Nairobi? La. Uliza bei ya kumbukumbu ileile, na uliza nani hujibu simu usiku. Kampuni ya humu nchini isiyoweza kukueleza nakala za akiba huwekwa wapi haikufai kwa sababu tu iko karibu. Afrika Kusini, ambako Microsoft ilifungua vituo mwaka wa 2019, Amazon mwaka wa 2020 na Google mwaka wa 2024, ni njia ya kati. Ulaya nayo si kosa kubwa. Nusu sekunde hupunguza mauzo kidogo kidogo, lakini kupoteza oda zote huua duka kwa siku moja.

Na maduka hufa hivyo. Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, moto uliteketeza mojawapo ya majumba ya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jumba jingine. Miongoni mwa wateja waliopoteza kila kitu kuna waliokuwa wamelipia nakala za akiba. Nakala hizo zilikuwa papo hapo penye moto. Mwaka wa 2023 mahakama ya kibiashara ya Lille iliamuru mteja mmoja wa aina hiyo alipwe fidia ya zaidi ya Euro 100,000, lakini kufikia wakati huo data ilikuwa imeshakuwa majivu kwa karibu miaka miwili.

Kwa hivyo nakala ya kila siku iwekwe kwa kampuni nyingine, katika mji mwingine, na kwa nywila tofauti, ili mdukuzi akiingia katika seva asiweze kuifuta na nakala pia. Halafu, angalau mara moja kwa miezi mitatu, irudishe nakala hiyo katika seva ya majaribio uone kama duka linafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu.

Kampuni nyingi hujivunia kuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya wakati. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 0.1 inayobaki ni dakika 43. Asilimia 99, inayosikika kama iko karibu sana na hiyo, ni zaidi ya saa saba. Na ahadi ikivunjwa, fidia kwa kawaida ni kipande cha kodi ya seva. Mauzo uliyoyakosa hayamo.

Kuna pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 haikatazi majina, anwani na nambari za simu za wateja kuhifadhiwa nje ya nchi, lakini inataka zilindwe kwa namna inayofaa. Biashara yenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi inaweza kusamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa katika sekta zilizotajwa na kanuni. Msamaha huo ni wa usajili peke yake. Data ikivuja na kuwe na hatari ya kweli kwa wateja, Kamishna anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72.

Kuhusu pesa, kumbuka kwamba seva nyingi za nje hulipiwa kwa dola. Mapema mwaka wa 2024 dola ilipita Sh160. Mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa karibu Sh129. Seva ya Dola 12 kwa mwezi ilitoka Sh1,920 hadi Sh1,548 bila kampuni kubadili chochote, na inaweza kurudi ilikotoka. Jihadhari na bei za kuanzia zinazokutaka ulipe miaka mitatu kwa mkupuo. Tazama bei ya kuhuisha mkataba, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo. Lipa kwa mwezi hadi uijue kampuni.

Na akaunti iwe kwa jina lako. Hili huwapata wengi kuliko moto. Fundi anayejenga tovuti hufungua akaunti ya seva kwa barua pepe yake, husajili jina la kikoa la .co.ke kwa jina lake, kisha mnakosana au anapata kazi Dubai. Duka ni lako lakini ufunguo uko kwake. Sajili mwenyewe, lipa mwenyewe, kisha mpe fundi ruhusa ambayo unaweza kuiondoa.

Hata seva bora itaanguka siku moja, na malipo lazima yavumilie hilo. Mteja anapolipa kupitia mfumo wa Daraja wa Safaricom, matokeo hutumwa kwa anwani iliyo katika seva yako. Seva ikiwa imezirai wakati huo, huenda ujumbe usifike. Mwagize fundi aandike oda katika hifadhidata kabla mteja hajaombwa nambari ya siri, na kila oda ambayo haijapata jibu baada ya dakika chache, duka liulize lenyewe hali ya malipo hayo. Kadhalika duka litambue nambari ya risiti ya M-Pesa, ili ujumbe ukija mara mbili mteja asihesabiwe mara mbili. Kwa utaratibu huo, mteja wa Nakuru angepata viatu vyake hata kama ukurasa ulimharibikia.

Barua pepe za kuthibitisha oda usizitume moja kwa moja kutoka seva pepe. Kampuni kadhaa huufunga mlango huo ili kuzuia barua taka, na zinazopita mara nyingi huishia katika kapu la taka la mteja. Tumia huduma maalumu ya kutuma barua.

Siku ya kuhama, chagua Jumanne asubuhi na wala si mwisho wa mwezi. Siku moja kabla, punguza muda ambao anwani ya kikoa hukumbukwa, ili mabadiliko yaenee upesi. Weka tangazo la ukarabati katika duka la zamani unaponakili hifadhidata, na uliache tangazo hilo pale kwa siku kadhaa. Simu za baadhi ya wateja zitaendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani kwa saa kadhaa, na duka la huko likiwa bado wazi, watanunua na kulipa katika hifadhidata ambayo hakuna anayeitazama tena.